Bibi wa Benchi la Mwisho

London, 12 Januari

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila uchovu umenizoea. Waniuliza kituo hiki cha treni kina nini hata mwaka wa tatu sirudi. Kiko chini ya ardhi. Baridi hii nashuka jua halijatoka, nikipanda limekwisha kuzama. Wakati wa vita vya Hitler watu walilala humu na watoto wao, mabomu yakianguka juu. Bibi mmoja, Edith, alizaliwa papa hapa kando ya reli. Kila Ijumaa huja akakaa benchi la mwisho, nami nikifagia hunihadithia.

Likizo nimenyimwa. Nitakuja mwakani, inshallah.

Mwanao, Chirau

Majengo, 3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Jana nilivuka kwa feri kumzika shoga yangu Nekesa wa Likoni, nimerudi sina mgongo. Lakini asiyezika wenzake atazikwa na nani?

Huyo bibi asikae na njaa. Mpelekee chai ya tangawizi, mwambie imetoka kwangu. Na mahali watu walipolala kwa hofu usiingie kimya, piga hodi.

Hiyo mwakani nimeshaipokea mara mbili. Sikuulizi tena.

Mamako, Dama

London, 20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hodi napiga, wenzangu wanacheka. Chai aliipenda, sasa huiulizia. Ana mwana mmoja, yuko Australia, naye humwandikia kwamba atakuja mwakani. Nilipomwambia nawe wangoja, alinitazama sana.

Mwanao, Chirau

London, 9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Tangu Aprili hujajibu. Dada Kadzo asema huumwi, umechoka kuniandikia tu. Haki yako.

Bi Edith amefariki. Mazikoni tulikuwa wanne, sote wa kituoni. Mwanawe alituma maua. Nililibeba jeneza la mama wa watu nikalia, na si yeye peke yake niliyemlilia.

Likizo sikuomba, nimeaga kazi. Natua Mombasa tarehe nne Oktoba.

Mwanao, Chirau

Majengo, 15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mungu amlaze pema. Umefanya vyema kumzika.

Kitanda chako kimejaa nguo za watu ninazopiga pasi. Mwaka jana niliziondoa mapema, nikatandika, kisha nikazirudisha. Safari hii piga hodi kwanza. Nikikusikia ndipo nitaziondoa.

Mamako, Dama