Mtumishi Mwenye Ndoo

Jumatatu, 9 Juni
Miguu yangu! Nimesimama kutwa makumbusho, mbele ya turubai yangu ya kuchorea. Watalii wananipumulia kisogoni. Mmoja kamwambia mkewe picha yangu nzuri kuliko ile ya ukutani. Mkewe kacheka. Wengine watano wameniuliza choo kiko wapi.

Kibali changu cha kunakili picha hii kinaisha Ijumaa. Si kazi ya mteja. Ni ya mama. Alipiga deki jumba hili miaka ishirini na saba, na katika picha zote anaitaka hii tu: familia ya markisi, kabaila wa zamani, imejipanga kwa hariri, na pembeni kabisa, kushoto, mtumishi na ndoo yake. Mama hawezi tena kutoka kitandani. Daktari hadhani atafika mwisho wa msimu huu wa joto.

Jumanne, 10 Juni
Mgongo. Basi.

Jumatano, 11 Juni
Nimeenda mtaani kwetu, Carabanchel, kumwona mama. Vijiko viwili vya mchuzi wa dengu, kakataa cha tatu. Mkono wake mwepesi mno. Naogopa.

Kauliza kama nimemmaliza mtumishi wake.
— Bado shavu, mama.
— Na ndoo?
— Ndoo tayari.
— Usimpunje, Leocadia. Nilikuwa namwamkia kila asubuhi. Hao wengine hawaitikii.

Alhamisi, 12 Juni
Saturnino, mlinzi wa ukumbi, kaniona nakuja na begi la rangi.
— Doña Leocadia! Leo umependeza kama maiti aliyeamshwa mapema.
— Na wewe kama aliyeachwa alale.

Tumecheka. Halafu kaleta futi, tupime leo ili kesho tusihangaike. Kanuni ya hapa: nakala ipungue sentimita tano kwa urefu na tano kwa upana, isije ikauzwa kama asili. Bila hivyo hakuna muhuri, na isiyo na muhuri haitoki.

Urefu sawa. Upana — mbili tu zimepungua!

Kapima tena. Mbili. Nami nilitumia kipimo cha kitabu changu cha chuoni. Kumbe waliposafisha picha waliondoa ukanda wa sentimita tatu ulioongezwa zamani upande wa kulia. Kibandiko ukutani kinasema wazi. Sikukisoma. Nani husoma kibandiko cha picha anayoijua tangu utotoni? Mjinga mimi. Wiki saba za kazi!

Ijumaa, 13 Juni
Nimelala saa mbili tu. Naandika kwenye benchi la ukumbini, turubai iko magotini.

Doña Maravillas wa ofisi ya vibali vya kunakili ameshuka mwenyewe. Mpole, manukato mengi. Hawezi kuongeza hata siku moja, kuna watu kumi na wanane wanangoja nafasi. Ila turubai inaweza kubanduliwa na kupigiliwa kwenye mbao fupi zaidi, sentimita tatu zikunjwe nyuma. Atarudi saa nane kupima.

Nikamshukuru kwa moyo wote. Kisha nikatazama ni upande gani wa kukunja. Kulia, markisi, pua yake karibu inagusa ukingo. Kushoto, mtumishi.

Akasema, kunja kushoto. Mtumishi tu huyo, hakuna atakayemkosa.

Nikamwambia mama yangu atamkosa.
— Mama yako ni nani?
— Casilda.
— Casilda yupi?

Miaka kumi na moja mama alimpigia deki ofisi yake!  

Saturnino ameleta koleo na mbao kutoka karakana. Ananong'ona:
— Bila uso wa markisi, hii si picha ya markisi. Doña Maravillas atakataa kupiga muhuri, mama wee.
— Najua.
— Sasa?

Saa nane kasoro dakika kumi. Nimeng'oa misumari minne ya kulia, nakunja upande wa markisi. Rangi ya pua yake bado mbichi, inanishika vidoleni.