Picha ya Kogo

Mjukuu wangu Chebet,

Chafya moja ndogo bado iko masikioni mwangu: ya mama yako, akiwa na siku chache tu duniani. Hapa Kiptere tu wazima, na majani chai yamechipuka vizuri baada ya mvua. Umeniuliza mbona katika daftari la picha kuna mtoto mchanga, na chini yake nimeandika jina la Kogo, nyanya yangu.

Nilipomaliza sekondari, miaka ya sitini, nilianza kubandika picha za jamaa zetu kwa uji mzito. Ukurasa wa Kogo ulibaki mtupu. Alikufa kabla ya kupigwa picha hata moja, nami niliogopa kuisahau sura yake.

Kisha nikamzaa mama yako. Akina mama wakamtajia majina ya marehemu wetu, moja moja, kama ilivyo desturi: jina atakalolipigia chafya ndilo la aliyerudi. Lilipotajwa la Kogo, akapiga chafya.

“Amerudi!” shangazi akacheka. “Na wewe msomi, acha kuununia ukurasa mtupu. Mpeleke Kogo akapigwe picha!”

Nilimpeleka.

Barua yako ilipofika, nilichukua kalamu nikaongeza jina la mama yako. La Kogo sikulifuta.

Nyanya yako