Chupa Zako Tatu na Chumba cha Mama

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, mvua zimekatika.

Mpendwa mdogo wangu, Kitinda wetu,

Pokea salamu nyingi za dada yako. U hali gani? Shemeji yangu hajambo? Na wanangu, wameshapona mafua? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, anatembea, anagomba, kwa hiyo hajambo kabisa. Mimi ni mgongo tu, ule ule wa kuinamia cherehani.

Mzigo wako ulifika salama kwa mkono wa rafiki yako dereva. Chupa zote tatu za mafuta ya kunukia ni nzima: ya mkaratusi, ya mchaichai na ya lavenda. Ahsante. Hiyo ahsante nimeiandika mapema nisije nikaisahau, maana leo nina hasira nawe, na hukunikosea lolote.

Unakumbuka nilivyokwambia kwenye simu kwamba chumba cha mama kinanuka uvundo, hata shuka zikitoka kufuliwa zinalala siku moja tu kabatini zinaamka na harufu ya gunia. Ukasema matone machache ya mafuta ya kunukia yatamaliza kazi. Mdogo wangu, mafuta hayasogezi kabati. Nililisogeza mimi, na nyuma yake nikakuta bomba la bafuni linavujia ukutani na ukungu mweusi umepanda hadi usawa wa kifua changu. Nikamwita fundi bomba. Nikausugua ule ukungu kwa siki na brashi ya kufulia mpaka vidole vikachubuka. Godoro nikaliburuta uani likapigwa na jua, madirisha nikayaacha wazi mchana kutwa. Ukuta ulipokauka ndipo nikafuata maelekezo yako: matone kwenye maji ndani ya chupa ya kupulizia, nikatikisa, nikapuliza mapazia na pembe zote, na pamba yenye lavenda nikaiweka kati ya shuka.

Mama akaingia. Akasimama katikati ya chumba, akafumba macho, akavuta pumzi. "Jamani, mwanangu! Yuko mbali kote huko, lakini kaniondolea uvundo." Mimi nilikuwa bado nimeshika brashi.

Tangu hapo kila anayekuja kupima nguo anapitishwa kwanza chumbani kwa mama anuse. Mjomba amenusa. Jirani yetu, yule nesi mstaafu, amenusa mara mbili na kuuliza yanauzwa wapi. Mama huwaambia hiyo ni kazi ya Kitinda, ana moyo huyo, tangu utotoni. Mimi napita na sinia la chai kama mhudumu wa hoteli. Aliyesema asiyekuwapo na lake halipo hakumjua mama yetu.

Nina wivu, nakwambia wazi. Sio wa nyumba yako wala wa mumeo. Nataka siku moja mama amshike mgeni mkono, amwoneshe kitu, aseme hiki kafanya mkubwa wangu. Mvi zimeshaniota na bado nalitaka jambo hilo kama mtoto anavyotaka peremende.

Chupa zikaisha. Sikukwambia, kwa kijicho tu. Nikajaza maji matupu kwenye ile ya kupulizia, nikapuliza chumba kizima, nikakaa pembeni nione sifa zako zitakavyoyeyuka. Mama akavuta pumzi. "Leo ndiyo mwanangu kanukia zaidi!" Kesho yake vivyo hivyo. Yaani ulinishinda kwa maji ya bomba, Kitinda.

Juzi basi maziwa yakaungua. Niliyanusa nikiwa chumba cha mbele kwenye cherehani, nikakimbia jikoni, nikamkuta mama amekaa kando ya jiko anachambua mchele kwa utulivu. Nikazima. Nikamuuliza, mama, hunusi? Akauinamia ungo wake. Akaniambia hanusi kitu tangu yale mafua makali ya mwaka jana. Hata uvundo wenyewe aliujua kwa kunisikia mimi nikilalamika.

"Sasa siku zote hizi unasifu nini?"

"Namsifu mwenzako. Yuko mbali, nisipomtaja atapotea humu ndani. Wewe nakuona. Mtu unayemwona kila siku umtaje ya nini?"

Jibu zuri, sikatai. Nililia kidogo wakati nakwangua sufuria. Lakini jioni yake mjomba alipopiga simu, mama alianza tena na mafuta yako, na roho ikaniuma pale pale.

Usiwe na wasiwasi. Nesi amemwangalia, na wiki ijayo nampeleka kwa daktari wa pua. Jiko sasa nawasha mimi tu.

Ombi langu ni hili. Usitume chupa nyingine. Njoo mwenyewe. Chukua likizo, ulale chumba changu, ufungue madirisha ya mama asubuhi, upanguse ukuta, uchunge maziwa. Mimi nitakuja huko kwako niwashonee wanangu nguo. Siku za mwanzo atakusifu, maana utakuwa mgeni, vumilia. Siku ukiona amewavuta wageni chumbani, anawaonesha ukuta na kusema hiyo ni kazi ya mkubwa wangu, yuko mbali lakini ana moyo huyo, nipigie. Usiseme neno. Shika simu tu karibu na mdomo wake.

Nisalimie shemeji, na wanangu waambie mama yao mkubwa anawakumbuka. Mjomba na nesi wanakusalimu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na safari akufungulie. Mama yuko mlangoni anauliza naandika nini. Nimemwambia nakushukuru kwa mafuta. Anasema nikwambie chumba bado kinanukia.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shingo upande,
Dada Mkubwa