Maji Niliyoyamwaga

Jumapili, saa kumi na mbili jioni, Mansfield, Texas. Joto halijashuka hata kidogo, na kiyoyozi chetu kinakoroma bila kupoza kitu. Tumerudi kutoka Houston muda si mrefu. Mama amejilaza chumbani kwake na viatu miguuni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Mimi nimefunga mlango na nataka kuandika yote kabla sijaghairi.

Wanaosoma blogu hii ni wachache na wengi wao hawanijui. Labda ndiyo maana naweza.

Wiki tatu zilizopita tulikwenda kupiga makasia siku nne kwenye makorongo ya jangwani, magharibi kabisa mwa Texas, kwenye mto unaotenganisha nchi hii na Meksiko. Ilikuwa zawadi yetu ya kumaliza shule, mimi na Furaha. Furaha ni rafiki yangu tangu tukiwa majirani Vickery Meadow, Dallas, kabla familia yao haijahamia Houston, kule Sharpstown. Ni Wakongo, sisi ni Watanzania, na kwa miaka mingi tumekuwa tukichekana Kiswahili. Kaka yake, Espoir, naye alikuja. Kiongozi wetu alikuwa Kaka Mwangi, Mkenya, nesi, mlezi wa vijana kanisani kwetu. Yeye ndiye aliyetufundisha kuendesha kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mtu mmoja, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye ziwa la karibu na hapa.

Mkewe, Dada Wambui, alikuwa aje pia. Ni kwa sababu yake Mama aliniruhusu. Siku mbili kabla ya safari hospitali anakofanya kazi ikamnyima ruhusa. Mama akasema, "Mwangi ni kama kaka yako. Nenda. Lakini ujiheshimu."

Nililibeba neno hilo kuliko mzigo wowote.

Asubuhi ya kwanza Kaka Mwangi alitupanga ufukweni. Maji ya mto ule ni tope, hayanywewi, kwa hiyo yote ya kunywa tuliyabeba: dumu moja la galoni kwa kila mtu kwa kila siku, na jina lako limeandikwa kwenye utepe. Jioni atakagua madumu. "Wasee, maji ni dawa," alisema. "Dumu likibaki na maji jioni, kesho hutoki hapa." Halafu akaeleza habari za choo. Haja kubwa ina sanduku lake, tutalibeba hadi mwisho. Haja ndogo ni mtoni, si mchangani, kwa sababu mchanga wa korongo haupati mvua na wanaokuja baada yetu watalala juu yake. Ukibanwa, sema, wote watasimama, watageuka upande mwingine.

Alisema hivyo kama anavyosoma matangazo ya kanisa. Espoir akaniona nimeinamisha kichwa. "Rehema, usiogope," akasema. "Samaki hawana simu."

Wote walicheka. Furaha ndiye aliyecheka zaidi. Mimi nilitabasamu, na papo hapo nikaamua kwamba sitasema "simameni" hata mara moja.

Njia ya kutobanwa ni kutokunywa. Nilipiga hesabu hiyo kama mtu mwenye akili. Asubuhi nilinywa funda mbili, mchana moja. Jioni, giza lilipoanza kuingia na wengine wakihangaika na mahema, nilikwenda na dumu langu nyuma ya matete. Nilijisaidia, kisha nikamwaga maji yote yaliyobaki. Karibu dumu zima. Nilisikia mchanga ukiyanywa. Nikarudi nikaliweka dumu tupu kwenye mstari pamoja na mengine.

"Safi sana, Rehema," Kaka Mwangi akasema. "Espoir, tazama mwenzako."

Siku ya pili nilifanya vilevile. Kuta za korongo ni ndefu kuliko majengo ya katikati ya Dallas, na mchana zinarudisha joto kama mlango wa tanuri. Kichwa kiliniuma tangu saa nne. Ulimi ulikuwa unanata. Furaha alisimamisha msafara kila baada ya muda bila haya, akapiga kelele, "Geukeni, wazee, malkia anashuka!" Mimi ndiye niliyemshikia taulo.

Siku ya tatu tulifika mahali ambapo sehemu ya ukuta iliporomoka zamani na mto unapita kwa nguvu katikati ya mawe. Kaka Mwangi alishuka, akatembea ukingoni, akarudi na mpango. Yeye angetangulia na boti la mpira lenye mizigo. Espoir angefuata, kisha Furaha. Mimi ningepita kwa miguu, nisimame juu ya mwamba bapa pale chini na mfuko wa kamba, ili yeyote atakayepinduka nimrushie. Alinichagua kwa sababu ziwani nilirusha vizuri kuliko wote.

"Uko sawa?" aliniuliza.

Nikasema niko sawa.

Boti liligonga mwamba, madumu mawili yakapasuka, lakini likapita. Espoir akapita. Furaha akapinduka.

Alitoka kwenye kayaki kama tulivyofundishwa, akalala chali, miguu mbele, macho kwangu. Hakuogopa. Naliona hilo kila nikifumba macho: hakuogopa, kwa sababu mimi nilikuwa pale. Akainua mkono. "Rehema! Kamba!"

Niliona Furaha wawili. Mwamba ulikuwa unazunguka chini yangu. Nilijua kwamba natakiwa kurusha na mkono wangu ukachelewa, kama mkono wa mtu anayeamshwa usingizini. Kamba iliangukia nyuma yake. Yeye akapelekwa kwenye mawe ya chini, na mguu wake ukaingia katikati ya mawili.

Sitaandika sauti ile.

Kaka Mwangi aliruka, akamtoa. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Alibonyeza kifaa cha dharura na jibu likaja kwamba upepo ni mkali korongoni, helikopta itafika kesho asubuhi. Tukakaa kwenye kivuli kilichokuwa kinahama. Akakusanya maji yaliyobaki mahali pamoja na kuanza kugawa kwa kikombe. Furaha alikuwa anatetemeka na kurudia, "Mayi. Unipe mayi kidogo." Wao maji huyaita mayi, na siku zote nilimcheka kwa hilo.

Zamu yangu ya kikombe ilipofika nilisema, "Mpeni Furaha."

Kila mara nilisema hivyo. Mara mbili Kaka Mwangi alinilazimisha kunywa funda, nyingine zote nikakataa. Na hiki ndicho kilichoenea. Hospitalini nilitundikiwa dripu, nesi akaniuliza mbona nimekauka hivi, nikajibu kwamba niliwapa wenzangu. Jumapili iliyofuata mchungaji alinisimamisha mbele ya kanisa lote. Kina mama walipiga vigelegele. Mama yangu alilia.

Sikujitolea. Nilikuwa bado naona aibu. Nilikuwa nawaza, nikinywa nitajisaidia wapi, sasa tumebanana namna hii kwenye kivuli kimoja.

Wakati mimi nasifiwa, Kaka Mwangi alikuwa anabeba lawama. Mama Espoir alimwambia kwenye ukumbi wa hospitali, watu wakisikia, "Ulipeleka batoto yangu kufa." Kaka Mwangi ameacha kulea vijana. Kayaki zake ameziweka uani, ziuzwe. Wiki iliyopita alikuja hapa kumwomba Mama radhi, na mimi nikiwa nyuma ya mlango huu huu nilimsikia akisema, "Nilimweka msichana mahali pabaya. Ule mwamba ulikuwa unateleza."

Mwamba ulikuwa mkavu.

Mama alimpa chai. Hakumkaribisha chakula.

Usiku ule sikula, na Ijumaa nikamwambia Mama nataka kwenda kumwona Furaha. Leo alfajiri tukaondoka na sinia la pilau kwenye kiti cha nyuma. Saa nne tulikuwa Sharpstown. Furaha alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito, vyuma vinatokeza kwenye ngozi. Mafunzo yake ya uuguzi msaidizi yanaanza mwezi ujao na hatakuwepo. Mama zetu waliingia jikoni. Espoir alikuwa anatafuta chaja.

Nilimwambia. Nilisema haraka, nikiangalia zulia.

Akauliza, "Tangu siku gani?"

"Ya kwanza."

"Ulikuwa unapeleka wapi ile mayi?"

"Nilimwaga. Kwenye matete."

"Juu ya kuogopa kukojoa."

"Ndiyo."

"Rehema." Sauti yake haikuwa ya hasira, ningependelea hasira. "Ulinishikia taulo siku tatu. Ungeniambia, na miye ningekushikia."

Nikainua macho kutoka kwenye zulia.

Espoir alikuwa amesimama na chaja mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakutania. Furaha akageukia ukuta, kisha akasema, "Piga simu kwa Mwangi. Hapa hapa. Niko nasikia."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje kama alivyotaka. Niliyarudia yote. Upande wa pili nilisikia gari lake likisimama. Nilitegemea anifokee. Badala yake aliuliza kwa sauti yake ya kazini, ile ya kuwauliza wagonjwa, "Siku ya tatu, kabla ya ule mwamba, ulikuwa umeenda haja ndogo mara ngapi?"

Sebule nzima ilikuwa inasikiliza. Mama yangu alikuwa amefika mlangoni, na nyuma yake Mama Espoir na mwiko.

"Hata mara moja," nikasema.

"Na ya pili?"

"Mara moja. Jioni."

Akapumua. "Hilo ndilo swali nilipaswa kukuuliza. Nilikuwa naangalia madumu tu."

"Hapana, Kaka. Nilikudanganya."

"Ulinidanganya, eeh," akasema. "Na mimi ni nesi."

Mama Espoir alinipita, akachukua simu mkononi mwangu. "Mwangi. Ni miye," akasema, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Alikaa huko dakika kama kumi. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alinirudishia simu bila kuniangalia, akaenda kuzima jiko. Pilau ilibaki kwenye sinia, haikufunuliwa.

Njiani, karibu na Corsicana, Mama aliingia kituo cha mafuta ingawa mafuta yalikuwa yanatosha, akazima injini. Alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Nilisema ujiheshimu," akasema. "Sikusema ujiue."

Nikamwambia najua. Akasema, "Hujui," na akaanza kulia, si kama alivyolia kanisani.

Kesho nitamwandikia mchungaji, naye akitaka nisimame tena mbele ya watu, nitasimama. Hilo naliogopa, lakini si kama ninavyoogopa Sharpstown. Wakati tunatoka nilimwambia Furaha kwamba nitarudi Jumamosi. Alikuwa anajaribu kuufikia mto wa kochi ulioanguka, nikauokota, akaupokea.

Nitakwenda. Mlango itabidi aufungue mtu mwingine. Yeye bado hawezi kusimama.