Rhobi Bado Yumo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Imeamuliwa. Ijumaa jioni tunaweka mfumo endeshi mpya, hospitali nzima. Bwana Clever, mkuu wangu wa kitengo cha kompyuta, anataka nianze mapema kuhimiza watu watoke — seva haibadilishwi mtu akiwa bado yumo. Vijisanduku vya kompyuta vya wodini havina kitu ndani, vinaonyesha tu. Kazi ya kila mtu imekaa kwenye seva mpaka mwenyewe atoke, au mimi nimtoe.

Nimefungua programu ya usimamizi. Majina yote, kila moja na kitone cha kijani. Rhobi pia. Rhobi wangu, rafiki yangu muuguzi, tuliyemzika kwao Buhemba Julai.

Jumanne, 7 Oktoba

Usingizi wa vipande vipande. Nimepanda wodi ya wazazi alikokuwa akifanya kazi. Dada Pelagia, muuguzi mfawidhi, kaniomba nisimguse Rhobi. "Sisi tunamtunzaga," kasema. Kila zamu mmoja wao anatikisa kipanya cha Rhobi, maana kisipoguswa mfumo unamtoa, na nywila yake hakuna anayeijua. Wanataka abaki humo mpaka matanga yaanuliwe Jumamosi. Kaka yake Mseti anatoka mgodini Geita. Bila yeye ukoo haukai.

Ijumaa, Jumamosi. Siku moja tu!

Mama anasema kwetu arobaini ingekuwa imeshamaliza mambo. Nimemjibu vibaya. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena.

Jumatano, 8 Oktoba

Kule kutikisa hakujawahi kusaidia kitu. Siku ya mazishi nilirudi ofisini viatu vikiwa na vumbi la Buhemba, nikamwondoa Rhobi kwenye sharti la muda, lile linalomtoa asiyegusa kitu. Wangemwacha hata mwaka, asingetoka. Wao wanaamini ni mikono yao.

Siwezi kuwaambia. Kila nikifika mlangoni kwao nageuza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwomba Clever tusogeze hadi Jumapili. Haiwezekani, mhandisi wa Mwanza ameshakata tiketi. Tena, akasema, yeyote akikaa pale anaweza kutoa dawa kwa jina la Rhobi, na mgonjwa akidhurika tutamuuliza nani? Ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ni kweli. Akaongeza, bila ukali:

"Najat, marehemu hana zamu."

Ijumaa, 10 Oktoba

Chumba cha seva. Baridi. Majina yanapungua — maabara, famasi, mapokezi. Limebaki moja. Clever kasema nimtoe mwenyewe, ni kubonyeza tu.

Simu. Pelagia, kwa sauti ya chini:

"Mdogo wangu, Mseti kashafika. Amekalia kiti cha dada yake. Nimemwambia kama anataka, amtoe yeye."

Nimefungua niione skrini ya Rhobi. Mshale unatembea! Polepole, mkono uliozoea sururu. Unapanda, unashuka, unarudi ulikotoka. Anatafuta pa kutokea, hapaoni.

Pelagia anapajua. Yuko pembeni yake, hajakata simu, nasikia anavyohema. Hamwonyeshi.

Mhandisi anauliza mara ya pili kama tuendelee. Naandika haya ili mkono wangu uwe na kazi nyingine.