Mtu wa Kutupeleka Kwenye Maji

Alhamisi, Nakivale. Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka saa nne, halafu jua likatoka kama vile halikuwa na habari. Nimerudi kutoka Mbarara na matope mpaka magotini. Ninaandika haya upesi, kabla Aline hajaniita kula, kwa sababu nikila nitasinzia, na nikisinzia nitajidanganya kesho kwamba siku ya leo ilikuwa ya kawaida.

Nina hofu. Nimekuwa na hofu wiki tatu nzima.

Dada yangu Neema anakuja. Miaka kumi tangu apande ndege na mume wake kwenda Amerika, na sasa anarudi kututembelea, yeye na watoto wake watatu ambao Mama anawajua kwa sura za simu tu. Mume wake amebaki kazini. Neema hataki tukae siku zote humu kambini, kwa wakimbizi, tukitazamana. Ameona kwenye mtandao bustani moja ya michezo huko karibu na Entebe, yenye gurudumu kubwa la kupanda, mabembea ya kila aina, mitelezo ya maji na mabwawa. Watoto wake wameichagua wenyewe. Anataka twende wote Jumamosi, tulale huko siku mbili, kisha yeye aingie uwanja wa ndege na sisi turudi.

Alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, tafuta ajenti. Mutu wa kuaminika. Miye huku siwezi kujua nani ni nani."

Kana kwamba mimi huku ninajua.

Tuko watu kumi na mmoja. Mama ana presha na magoti mabaya. Shangazi Apendeki anaishi kambi nyingine, Oruchinga, kwa hiyo lazima afuatwe kule, na hasafiri Jumamosi hata umwambie nini, maana ni siku yake ya Sabato. Mimi na Aline tuna watoto watatu, na mdogo hutapika kwenye gari. Elia, mkubwa wa Neema, ana miaka tisa na anatembea kwa kiti cha magurudumu tangu alipoanza kukaa. Halafu sisi wa kambini tunahitaji barua za ruhusa ya kusafiri. Mtu mmoja tu akikosea jambo moja, wote tunakwama barabarani.

Si hofu ya bure. Mwaka jana kwaya ya jirani zetu ilikodi gari kwa mtu aliyejiita ajenti. Gari liliwafia Lyantonde, dereva akasema anaenda kutafuta kifaa, na hawakumwona tena. Walishinda pale kando ya lami na watoto wachanga, jua la utosi. Binti yangu Rehema alikuwa nao. Mpaka leo ukimtajia safari anauliza kwanza dereva ni nani.

Nikiri na lingine, kwa kuwa hapa hakuna anayenijibu. Kuna siku moyo wangu unataka safari hii iharibike kidogo. Kidogo tu, ili Neema aone jinsi ilivyo kuwa mimi, mtoto aliyebaki, anayempeleka Mama hospitali na kupanga foleni kwa ajili yake. Kisha ninaona haya. Dada yangu hakunifanyia ubaya wowote. Faili la mume wake la kuhamia Amerika liliitwa, letu halijaitwa. Ni hivyo tu.

Basi leo nimekwenda Mbarara kuchagua.

Wa kwanza nilielekezwa na mwenye duka la simu. Ofisi yake iko ghorofani, katikati ya mji, ina kiyoyozi na picha za simba ukutani. Ni kijana wa suti, anacheka vizuri, alinipa soda kabla sijakaa. Nilimweleza kila kitu huku nikisoma kwenye karatasi niliyoandika na Aline.

"Hakuna shida," akasema.

Nikamwambia habari ya Sabato ya Shangazi. Hakuna shida. Magoti ya Mama. Hakuna shida. Barua za ruhusa je? "Hizo wewe achana nazo. Watu wote wa barabara hii wananijua mimi."

Nikamuuliza kiti cha Elia kitaingiaje kwenye gari.

"Huyo mtoto mdogo tu. Tutambeba."

Nikaiweka soda mezani. Neema aliniambia jambo moja kwa mkazo kuliko yote: Elia hapendi kubebwa. Ndugu mmoja wa baba yake alimnyanyua siku moja kanisani mbele ya watu bila kumuuliza, na mtoto hakusema neno siku mbili. Kijana huyu hakuuliza kitu. Hakuuliza hata jina la mtoto.

Lakini nitakuwa mkweli, nilitaka kumkubali. Ilikuwa raha sana kuambiwa hakuna shida. Wiki tatu sijalala vizuri, na mtu mwenye suti ananiambia kila ninachokiogopa ni upuuzi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kalamu. Nikasema ninakwenda kumuuliza mke wangu, nikashuka ngazi kama mtu anayekimbia.

Wa pili nilipewa jina lake na muuguzi mmoja anayemtibu Mama. Nilivuka daraja la mto Rwizi kwa boda mpaka Nyamitanga. Ofisi ni chumba kimoja kando ya saluni, mlango wa bati la bluu. Mwenyewe ni Madamu Kyomugisha, mama wa makamo, miwani kwenye kamba, aliwahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Anapeleka shule na vikundi vya kanisa. Hakunipa soda. Alinipa kiti na kufungua daftari.

"Anza na mkubwa," akasema. "Jina, miaka, analala saa ngapi, anakula nini, anaogopa nini."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alimwandika Shangazi Apendeki na kusema, "Kama hasafiri Jumamosi, basi tunaondoka Jumapili asubuhi. Huyo dada yako aangalie tarehe za ndege tena. Mimi siwezi geuza Jumamosi." Alipofika kwa Elia aliuliza upana wa kiti, kama kinakunjwa, na kama mtoto anaweza kujisogeza mwenyewe kutoka kiti kwenda kiti. Sikujua upana. Akanipa nafasi tupu kwenye daftari na kusema nitamletea.

"Gari yangu iko na ngazi tatu," akasema. "Huyo mtoto hawezi ingia bila kubebwa. Kuna mtu ana gari ya mlango wa chini, nitamuomba. Nikikosa, ninakuambia mapema. Sitakuambia ile siku."

"Na barua za kambi?"

"Hizo mimi siwezi, ssebo. Hizo ni wewe na ofisi yenu. Mtu akisema anaweza, muulize atafanya nini mkisimamishwa barabarani."

Kila jibu lake lilikuwa linanizidishia mzigo. Nilianza kumchukia kidogo. Kisha akapiga simu bustani kule, akaweka sauti ya nje ili nisikie. Aliuliza milango, vyoo, kama gurudumu kubwa linaweza kusimamishwa kwa dakika chache mtoto aingie. Mtu wa kule akasema linaweza, wakiambiwa mapema. Mitelezo mirefu hapana. Bwawa moja lina njia ya mteremko, kiti kinafika mpaka majini. Akaandika yote.

"Sasa mama yako. Anaogopa nini?"

Nikasema presha, magoti. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ugonjwa. Mimi nauliza anaogopa nini. Nilipeleka mzee mmoja mahali ya juu, hakuna mtu alikuwa amemuuliza, akalia mbele ya wajukuu. Piga simu."

Nikampigia. Mama alikuwa kwenye shamba la maharage, nikasikia upepo. Nikamweleza kwamba niko na mama wa safari, anauliza kama kuna kitu anachokiogopa huko tunakokwenda.

Nikasikia akiweka jembe chini.

"Wilondja. Kule iko maji?"

"Iko, Mama. Mabwawa. Na ziwa si mbali."

"Maji ya kuingia batoto?"

"Ndiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa, mtu mzima wa miaka arobaini, nimesimama katikati ya ofisi ya mtu. Sisi tunaishi kambi yenye ziwa. Watu wote wanashuka kule kununua samaki, kufua, kupunga upepo. Mama hajawahi kushuka hata siku moja. Nilidhani ni magoti.

Tulipokimbia vita kwetu Fizi tulivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi kwenda upande wa Tanzania. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Neema alikuwa na mitano, amekaa kwenye mapaja ya Mama. Etabo, mdogo wetu, alikuwa na mitatu. Upepo ulipogeuka mtumbwi ulilala upande, na uliponyanyuka Etabo hakuwemo. Nyumbani hatuongei jambo hilo. Sidhani Neema analikumbuka. Alikuwa mdogo, na hakuna aliyemsimulia. Ndiyo maana angeweza kuchagua mitelezo ya maji kwa furaha yote, na mimi nikaandika orodha nzima ya magoti na Sabato na kutapika, na neno maji nikaliruka.

Nikamwambia Mama tunaweza kuacha. Neema atatafuta mahali pengine, kuna wanyama, kuna milima.

"Hapana," akasema. "Nitaenda. Nataka nione batoto banaingia mu maji, na banatoka."

Halafu akasema maharage yanamngoja, akakata.

Nilikaa. Madamu Kyomugisha hakuuliza. Alikuwa amesikia upande wangu tu, lakini nadhani uso wangu ulitosha. Aliandika neno moja kwenye daftari, kisha akaendelea na Aline, na watoto, mmoja mmoja, kwa sauti ile ile ya mwalimu anayeita majina. Mwisho akafika kwangu.

"Na wewe?"

Nilitaka kusema sina. Mwanamume, baba wa watoto watatu, kiongozi wa safari. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na mkono mdogo, wenye unyevu, unaoteleza. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika Etabo. Mama alinipa nimshike ili yeye amshike Neema. Hajawahi kunilaumu, hata kwa jicho. Na kila mara mtu anaponiambia tafuta mtu wa kuaminika, ninasikia swali jingine chini yake.

"Maji," nikasema. Na nikamweleza, kwa maneno machache, mtu nisiyemjua, jambo ambalo hata Aline nimempa nusu yake.

Alivua miwani. Hakusema pole nyingi. Alisema, "Mdogo wako alikuwa anaitwa nani?"

"Etabo."

Akaliandika kwenye daftari. Kisha akasema, "Wewe na mama yako mtakaa pamoja. Mimi nitatafuta watu wawili wa kushinda pale majini na watoto, wanaojua kuogelea, kazi yao ni hiyo tu. Wewe usishike mtoto yeyote siku hiyo. Wewe shika mama."

Nikaweka sahihi.

Njiani nilimtumia Neema ujumbe mrefu wa sauti. Nilimwambia nimempata mtu, na tarehe za ndege zibadilishwe kwa ajili ya Jumamosi. Kisha nikamweleza habari ya mtumbwi. Nilizungumza vibaya, niliruka ruka, mara mbili boda zilipita zikafunika sauti. Sikurekebisha.

Jibu lake lilikuja nilipokuwa tayari nyumbani, Mama amekaa uani anachambua maharage. Neema alikuwa analia na kupenga kamasi. Alisema kila mara amekuwa na ndoto ya mtu anayeita, na hakujua ni nani. Alisema ataiacha hiyo bustani sasa hivi tukitaka. Halafu akasema, Kaka, lakini mwambie Mama jambo moja. Watoto wote watatu wanajua kuogelea, nimewafundisha tangu wadogo, sijui hata kwa nini nilishikilia hivyo. Na Elia anawashinda. Ndani ya maji hahitaji kiti, hahitaji mtu. Anakwenda peke yake mpaka ng'ambo na kurudi.

Nilimsikilizisha Mama sehemu hiyo. Mikono yake ilisimama kwenye ungo.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Anarudi peke yake?"

"Ndivyo anavyosema."

Akaniomba mara ya tatu, kisha akaendelea kuchambua mpaka alipomaliza ungo wote. Mimi nilikaa karibu yake kwenye kigogo, nikitoa mawe. Hatukumtaja Etabo kwa jina. Lakini alinipangusa matope shavuni kwa kidole gumba, kama nilipokuwa mtoto, na kidole kilikaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Hofu haijaondoka. Gari la mlango wa chini halijapatikana. Labda Neema atashindwa kugeuza tarehe. Labda presha ya Mama itapanda siku yenyewe akiona bwawa limejaa watoto wanaopiga kelele, na mimi pia nitaganda pale, na watu watatutazama. Sijui kama nimechagua vizuri au nimechagua tu mtu wa kwanza aliyeniuliza swali.

Aline ananiita. Ugali uko mezani.

Asubuhi na mapema nitakuwa kwenye foleni ya barua za ruhusa, na majina ya wasafiri wetu wa kambini kwenye karatasi. La Mama nimeliandika la kwanza.