Sentensi Moja Bila Kosa

Ujerumani, Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu Somoe, Msimbati.

Shikamoo dada. Assalamu alaykum wewe na wote mlio hapo nyumbani. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu, na naomba barua hii iwakute nanyi wazima. Magoti ya mama yanaendeleaje? Bado anang'ang'ania kwenda kupalilia muhogo mwenyewe? Na mikorosho ya baba mmeshaipulizia dawa, au mnamsubiri yule mwenye mashine wa Madimba? Nauliza mengi kwa sababu kwenye simu mnanijibu "sote wazima," mtandao unakatika, nami nabaki na neno hilo wiki nzima.

Mwambie mama nakula vizuri, na koti zito alilonisisitizia nimenunua. Mwambie pia mtihani wa Kijerumani nimefaulu. Ukishamsomea hadi hapo, dada, ikunje barua. Yanayofuata ni yako peke yako.

Unajua kwamba hapa cheti changu cha uuguzi hakitambuliwi mpaka nifaulu lugha ngazi ya B2. Mimi niliyefunga vidonda na kuzalisha kina mama zahanati kwa miaka sita, hapa ni msaidizi tu katika nyumba ya kutunzia wazee. Naosha, navalisha, nalisha. Mtihani wa kwanza nilifeli, sikuwaambia. Ningefeli tena, mkataba ungekwisha. Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini nilikwenda darasani, halafu chumbani. Siku nyingine maneno niliyoyatamka kutwa ni ya kazi tu: inua mkono, fungua mdomo, pole. Majirani tunapishana kwenye ngazi, wananiinamishia kichwa, wanapita. Mwaka na nusu sasa, na sidhani kama kuna anayelijua jina langu.

Ugumu wenyewe si maneno, dada. Maneno yanakaririka. Ila Kijerumani cha ngazi hii kinakungojesha. Sentensi inakwenda, inakwenda, na vitenzi vinajazana mwishoni kabisa. Huko mwishoni ndiko unakojua kama jambo limefanyika, lingefanyika, au lilipaswa kufanyika na halikufanyika. Mimi hapo ndipo nilipokosea, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Kuna mzee mmoja, zamani alikuwa seremala, mguu unamtesa. Mchana mmoja muda wa dawa yake ya maumivu ulifika akiwa amelala, hakupewa. Muuguzi akaniambia niandike hivyo kwenye daftari la zamu, ili wenzetu wa jioni wampe. Nilitaka kuandika kwamba alipaswa kupewa dawa. Nikachanganya vile vitenzi vya mwisho, nikaandika kwamba amepewa dawa. Zamu ya jioni wakasoma, wakampita. Kesho yake msimamizi akaniita.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Dawa alipewa, au hakupewa?"

"Hakupewa."

"Hapa umeandika amepewa."

Hakupaza sauti. Afadhali angenigombeza. Nilikwenda kwa yule mzee, nikapiga goti kando ya kitanda kama ambavyo ningefanya kwetu, nikamwomba radhi. Akasema, "Niliwaambia sijapewa. Wakaangalia daftari, wakaniambia nimepewa."

Waliiamini sentensi yangu kuliko mwenye mguu. Tangu siku hiyo, kila nilichoandika kumhusu nilimsomea kwanza. Anasikiliza mpaka kitenzi cha mwisho, ndipo anatikisa kichwa kukubali, au ananyoosha kidole nirudie. Huyo ndiye aliyenifundisha zaidi, na hatujawahi kuzungumza jambo jingine.

Halafu likaja somo ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie. Unamkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili shule ya msingi, alivyokuwa akitugombeza tukisema "ninge-" kwa kila kitu? "Lililokwisha pita ni -ngali-," alikuwa akisema, nasi tunacheka. Kumbe Wajerumani nao wana -ngali- yao. Mwalimu wetu wa hapa, mama mmoja wa makamo, alituambia kila mtu aandike sentensi moja ya namna hiyo, ya jambo ambalo haliwezi kubadilika tena. Wengine waliandika habari za treni zilizowaacha. Mimi mkono uliandika wenyewe: Kama ningalikuwapo nyumbani, ningalimzika baba yangu.

Mwalimu alipita nyuma yangu, akasoma. "Sahihi kabisa," akasema. "Hakuna kosa hata moja. Wasomee wenzako."

Nikasimama, nikasoma.

"Nzuri sana," akasema, akamgeukia mwingine.

Simlaumu, yeye alikuwa akiangalia vitenzi. Lakini dada, nilikuwa na miezi minne tu huku baba alipofariki, na maneno yale sikuwahi kuyatamka kwa lugha yoyote mpaka jioni ile, mbele ya wageni, nikasifiwa. Jirani yangu wa dawati, mama wa Kifilipino, muuguzi kama mimi, alinisogezea daftari lake. Alikuwa ameandika: Kama ningalijua, nisingalimwacha binti yangu. Nalo lilikuwa na alama ya sahihi. Nikalisoma, nikamrudishia. Lugha pekee tuliyokuwa nayo sisi wawili ni hiyohiyo tunayojifunza.

Majibu ya mtihani yalikuja Alhamisi. Niliifungua bahasha palepale kwenye sanduku la barua. Nikakupigia, hupatikani. Nikapanda chumbani, nikapika ugali wa unga wa ngano, nikala, nikaosha sahani moja.

Nisalimie shemeji, na binti yenu Zuhura, mwambie asome. Shangazi Mwanaidi wa Shangani, aliyenilea nilipokuwa chuoni, mfikishie salamu ukienda mjini. Na mjomba Bakari, mwambie simsahau.

Nina ombi moja. Mjomba aliponipigia siku ile wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Akasema, "Tumemzika salama." Hata ningalipanda ndege dakika ileile, nisingaliwahi, hilo nalijua. Lakini tangu hapo hakuna aliyenisimulia, nami sikuuliza. Sasa nauliza. Nani alimwosha? Nani aliingia kaburini mahali pangu? Jua lilikuwa kali? Mama alisema nini jeneza lilipotoka mlangoni? Ya makaburini muulize shemeji, yeye alikuwepo. Usinifupishie, dada. Andika yote, hata yanayouma. Muda wa kusoma ninao.

Mdogo wako,
Hassani